Nafasi ya Tari

Nilijua mzee yule hana shanga sikioni kabla hajafika juu. Ngazi za karakana yangu ni za mbao, zimechoka, kila moja ina mlio wake, naye kila iliyolia alisimama kidogo kuisikia. Wenye shanga hawafanyi hivyo. Wao hupanda moja kwa moja, wananiambia nina ngazi nzuri, tulivu, na mimi nawajibu ahsante.

"Hodi!"

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe Fundi Saumu?"

"Ndiye mimi."

"Nimeambiwa unafanya kazi masikio wazi."

Alikuwa amekumbatia kitu kilichoviringishwa kanga, kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Nikamsogezea kiti. Aliketi bila kukiachia kitu chake.

Ni kweli, nafanya kazi masikio wazi. Si kwa ushujaa. Shanga ni kidude kisichozidi punje ya mtama, na tangu wizara ya afya ilipoanza kuzigawa bure, sijui nani hapa Tanga hana. Kazi yake ni moja: haipendi pengo. Redio ikikwaruza, shanga inanyoosha. Mtu akimeza neno, shanga inalimalizia. Ngoma ikikosea, inaipatanisha, tena inaipatanisha na mapigo ya moyo wako wewe peke yako. Ndiyo maana mtaani hakuna spika siku hizi. Harusi zinapita hapa chini, Barabara ya Kumi na Mbili, watu mia wanacheza, kila mmoja anasikia muziki wake, na mimi dirishani nasikia kandambili tu zikisugua lami. Mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi nafunga dirisha.

Fundi wa vyombo vya zamani akivaa kitu kama hicho atatengeneza nini? Atasikia kila kitu kizima. Kwa hiyo nikifika kazini naivua yangu, naitia kwenye kikombe cha kahawa kilichovunjika mkono, na jioni naivaa tena.

Mzee alifungua kanga. Ndani mlikuwa na mashine ya ngoma, ya Kijapani, ya miaka ile vikundi vya taarabu vilipoanza kuweka vinanda vya umeme. Pana kama sinia, vitufe vimefutika rangi kwa vidole.

"Jina langu Hemedi Kilua," alisema. "Nilikuwa mpiga kinanda wa Pendo la Chumbageni. Najua hutujui, ulikuwa bado."

"Ina tatizo gani?"

"Washa uone."

Nikaiunga na umeme, nikaiunga na spika ndogo. Ikapiga ngoma mbili, ikanyamaza. Nikaibonyeza kifuniko kwa kiganja, ikazinduka, ikapiga vizuri, nikaondoa kiganja, ikafa. Nilitabasamu. Ugonjwa huo naujua. Ndani kuna bodi mbili, ya vitufe na ya sauti, zinaongea kwa utepe wa nyaya. Chumvi ya hewa ya Tanga ikila pini za utepe, mazungumzo yanakatika.

"Hii itapona, mzee. Sehemu za kuungania zimeoza tu."

"Kuna jingine. Sikiliza tena, ibonyeze."

Nikaibonyeza. Ngoma nzito, ngoma nyepesi, kengele, na mahali fulani pengo. Kila mzunguko, pale pale, kama mtu anayetembea akaruka kidimbwi.

"Hapo pana tari," mzee alisema. "Imo kwenye mashine, tuliipanga, taa yake unaiona inawaka. Lakini haijalia tangu wiki ya pili baada ya kuinunua."

"Miaka yote hiyo?"

"Yote. Mlezi wa kikundi aliinunua ili apunguze wapigaji. Tulikuwa nao wanne. Akawaambia wote mwisho wa mwezi kwaherini, mashine inatosha. Mdogo wangu Mkomwa alikuwa mmoja wao, mpiga dumbaki, na mlezi hakumbakisha kwa sababu ya undugu. Basi wiki ya pili tari ikafa. Ikabidi abakizwe mpiga tari mmoja aijazie. Alikuwa binti anaitwa Mwanjaa." Akaikunja kanga magotini. "Nikamwoa. Nilikuwa namtania, nikimwambia, wewe umeletwa na ubovu wa mashine."

Sikuuliza yuko wapi. Ile kanga ilikuwa mpya, haijafuliwa hata mara moja.

"Alifariki masika yalipoanza," alisema mwenyewe. "Na shanga ikaanza kazi. Nikiwa sebuleni namsikia jikoni anakohoa. Nikiita, ananijibu. Ananijibu kabla sijamaliza kuita! Mwanjaa hakuwa hivyo, mwanangu. Mwanjaa ukimwuliza jambo alikaa kwanza. Ungeweza kunywa chai ukamaliza. Yule wa kwenye shanga ana haraka kama karani wa benki. Nikaivua."

"Na nyumba ikawaje?"

"Kimya. Kimya hasa." Aliitazama mashine. "Binti yangu hataki niishi hivyo. Kanipa mpaka Ijumaa. Ama nirudishe shanga, ama nihamie kwake Dodoma. Nimemwambia nina mashine yangu, nitaiwasha jioni inichangamshe. Lakini inalegalega, na lile pengo, mimi lile pengo siliwezi. Zamani lilikuwa na mtu. Itengeneze yote, na tari ilie, ijitegemee. Ikishindikana basi, nitaivaa shanga, nikae na yule karani."

Nikamwambia aje Alhamisi. Alipofika chini alisimama mlangoni muda mrefu, sijui akisikiliza nini.

* * *

Kazi ya kwanza ilikuwa rahisi. Nilifungua skrubu, nikainua kifuniko, na sikugusa betri ndogo iliyoshika kumbukumbu, maana ukiitoa tu mapigo yote waliyoyapanga yanafutika na huyapati tena duniani. Nikasugua pini za utepe kwa mswaki na spiriti mpaka ule ukijani ukaondoka. Baadhi ya lehemu zilikuwa zimepasuka mduara kuzunguka pini, ufa mwembamba usioonekana ila kwa kioo cha kukuza. Nikaziyeyusha upya moja moja. Nikawasha. Mashine ikapiga bila kubonyezwa, safi, na moyo wangu ukafurahi kama kawaida ya moyo wangu, ambao hufurahishwa na vitu vidogo kwa kuwa vikubwa haviji.

Tari ikabaki kimya.

Kila sauti kwenye mashine hizi ina njia yake ya shaba juu ya bodi. Ubongo wa mashine unatuma amri, amri inapita njiani, sauti inaitika. Nikashika ncha za mita, nikaanza kuifuata njia ya tari. Huku mwanzoni mita ililia. Kule mwisho haikulia. Basi njiani pana shimo. Nikageuza bodi upande wa chini, na pale, karibu na tundu la skrubu, nikaona doa la rangi ya zambarau, dogo kama kichwa cha kiberiti.

Rangi ya kucha. Nikacheka peke yangu. Mafundi wa zamani walipenda sana kuipaka kwenye bodi kuzuia shoti, walipokosa dawa yenyewe. Nikaikwangua kwa kisu, vipande vikarukia mezani. Chini yake njia ya shaba ilikuwa imekatwa. Si kuoza, si kuungua. Imekatwa kwa wembe, mara mbili, na kipande cha kati kimenyofolewa kwa usafi ambao hata mimi ningejisifia.

"Fundi gani huyu hana haya," nikasema. Nilidhani alitaka kujaribu jambo, likamshinda, akafunika kosa lake kwa rangi na kunyamaza. Nimewaona wengi. Nikachukua unywele wa waya, nikaulaza juu ya ule mkato, nikaulehemu. Nikawasha.

Tari ikalia, kwa mara ya kwanza tangu wiki ya pili. Nilisimama nikazungusha kiuno kidogo, mwanamke mzima na miwani yangu ya kazi, na hapakuwa na wa kunicheka.

Jioni nikafunga, nikavaa shanga, nikapanda baiskeli yangu. Mji ukageuka laini mara moja. Nilipofungua mlango wa nyumbani, sauti ya Mbelwa ikatoka chumbani.

"Umerudi?"

"Nimerudi."

"Pole na kazi, mke wangu."

Mbelwa ana miaka sita kaburini. Nasema wazi: sauti ile naipenda, na ndiyo inayonifanya nirudi nyumbani. Ila tangu mzee Hemedi aondoke nilikuwa na kitu kinanikwaruza. Mbelwa wangu hakuwahi hata siku moja kuniambia pole na kazi. Alikuwa mtu wa bao na mtu wa kimya. Nikiingia, bila kuinua macho kwenye bao lake, alikuwa akisukuma kigoda kwa mguu kuelekea upande wangu. Ndiyo salamu yake ilikuwa hiyo. Shanga haiwezi kusukuma kigoda, basi imemtungia maneno.

Nilikula wali wa jana, naye akaniuliza kama umekolea chumvi.

* * *

Alhamisi mzee alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Akaketi pale pale. Nikaweka mashine mbele yake, nikamwambia aiwashe mwenyewe.

Ngoma nzito, ngoma nyepesi, kengele, tari. Ngoma nzito, ngoma nyepesi, kengele, tari. Hakuna kulegalega, hakuna pengo. Nilisubiri uso wake ufunguke kama nyuso za wateja zinavyofunguka, na huo kwa kweli ndio mshahara ninaoupenda.

Haukufunguka. Alisikiliza mizunguko mingi, mikono magotini, kisha akazima.

"Inalia vizuri," alisema.

"Hukuipenda."

"Kazi yako haina kasoro, mwanangu. Ila nimewaza kitu." Sauti yake ilishuka. "Kumbe hatukumhitaji. Ingekuwa nzima tangu mwanzo, asingebaki. Angeondoka na akina Mkomwa mwisho wa mwezi, na mimi nisingemjua. Mtu unaishi na mwenzio umri mzima, kumbe kilichowakutanisha ni waya mmoja mbovu."

Nikamwambia maneno ambayo watu huambiana, kwamba Mungu ana njia zake. Hakuyasikia. Alikuwa ameshaondoka kwenye kiti, yuko ukumbini Chumbageni.

"Ungemwona," akasema. "Waimbaji walikuwa na sare, zambarau toka juu hadi chini. Yeye aliongeza na kucha. Waimbaji walimcheka, mpiga tari apake kucha za nini, zitabanduka. Zilibanduka kweli, kila wiki alikuwa akizipaka upya. Nilikuwa nikigeuka nyuma naona vidole vile tu vya zambarau vikipepea kwenye tari."

Mezani, karibu na kiwiko chake, vile vipande nilivyokwangua vilikuwa bado vipo. Sikuwa nimefagia.

Zambarau ile ile. Nikauliza, nikijitahidi sauti iwe ya kawaida, "Na mashine ilipokufa tari, hamkuipeleka kwa fundi?"

"Tena mara ngapi! Mwanjaa mwenyewe ndiye aliyekuwa akiipeleka. Alikuwa na uchungu nayo kuliko mlezi. Anaibeba asubuhi kwenye baiskeli, anairudisha jioni, anasema fundi ameshindwa, vifaa vyake havipatikani."

Basi nilikuwa nimeelewa yote, na yeye hajaelewa lolote, na kati yetu palikuwa na mashine tu.

Ningeweza kunyamaza. Mzee angeondoka na huzuni yake, huzuni ya bahati mbovu, ambayo mtu huizoea. Nikimwambia, namwondolea bahati, namwachia mke aliyemdanganya mpaka kufa. Na si yeye tu. Wapigaji walikuwa wanne. Mwanjaa alikuwa na wembe mkononi na njia zote za shaba mbele yake, za dumbaki zimo, akakata moja. Yake. Mkomwa alikwenda zake. Je, ni kazi yangu kuyafukua hayo? Niliitwa kutengeneza utepe.

Ila nikawaza pia: kumficha ni kumjazia pengo. Ni shanga mimi?

"Mzee," nikasema. "Tari haikuwa mbovu."

Nikageuza mashine, nikafungua kifuniko cha chini, nikampa kioo cha kukuza. Nikamwonyesha unywele wa waya niliouweka na mkato ulio chini yake. Kisha nikakusanya vipande vya zambarau kwa ncha ya kidole, nikaviweka kwenye kiganja chake. Nikamweleza. Sikupunguza wala sikuongeza.

Alivigeuzageuza vile vipande kiganjani. Kule nje kengele za baiskeli zilipita.

"Mkomwa alikufia Mombasa," hatimaye alisema. "Alikuwa kuli bandarini. Dumbaki lake alilitupa, aliniandikia hivyo, kwamba amelitupa. Na huyu," akakunja kiganja, "huyu angeweza kukata mbili."

"Angeweza."

"Kwa nini hakukata mbili?"

"Sijui, mzee. Pengine mlezi angeshtuka, mashine mpya kufa sauti mbili. Pengine aliogopa. Pengine hakumfikiria kabisa."

"Chakula kile nilichokila kwa mkono wake!" Alipiga meza, vikombe vyangu vikaruka. Nilidhani atainuka aondoke. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na alikuwa analia kweli, lakini pia alikuwa anacheka, na hivyo viwili vilikuwa vinapigania uso mmoja. "Anairudisha jioni! Fundi ameshindwa! Na jasho juu, na pole namwambia! Fundi Saumu, alikuwa anashinda wapi siku hizo?"

"Kwa shangazi yake labda."

"Kwa shangazi yake! Pangani Road! Anakula mihogo!"

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamletea maji. Alipokwisha kunywa alikuwa mtu mwingine kidogo, amechoka, lakini macho yake yalikuwa hapa chumbani pamoja nami.

"Kwa hiyo haikuwa bahati," alisema.

"Haikuwa. Alikaa akafikiri, akachukua wembe."

"Ndivyo alivyo. Hukaa kwanza." Akaipapasa mashine. "Nitamwuliza kuhusu Mkomwa. Siku tukikutana, hilo ndilo la kwanza. Naye atakaa kwanza, atanitazama, kisha ndipo atanijibu. Nina muda wa kusubiri." Kisha akanyoosha mkono. "Nipe wembe."

Mimi kazi yangu ni kuunganisha. Tangu nimeshika pasi ya kulehemu sijawahi kukata kitu kizima, na nilisita, nikamwambia mikono yake inatetemeka, ataharibu njia za jirani. Akasema basi nimshikie. Nikampa wembe, nikaushika mkono wake kwa juu, nikauelekeza. Unywele wa waya ukakatika mara moja, bila sauti. Akafungua kiganja kuangalia vile vipande vya zambarau, akavifunga kwenye pindo la kanga.

Tukawasha. Ngoma nzito, ngoma nyepesi, kengele.

"Hapo," akasema mzee.

Ngoma nzito, ngoma nyepesi, kengele.

"Hapo."

Hakupiga kofi, hakugonga meza, hakujaza chochote. Alikuwa akiinua kidevu tu kila pengo lilipofika, kama mtu anayemsalimia mwenzake kwa mbali. Mimi nilikaa nikitazama, na sijui kama nimewahi kuwa na wivu wa namna ile.

"Binti yako nimwambie nini akinipigia?" nilimwuliza alipokuwa akiviringisha kanga.

"Mwambie mashine imepona. Akija Ijumaa nitamwashia. Ana shanga, atasikia tari imejaa kila mahali, ataridhika." Alitabasamu. "Hatasikia kitu, maskini."

Alishuka ngazi taratibu, nikazisikia zikilia chini yake zote.

Jioni nikafagia meza, nikafunga dirisha. Nikakitazama kikombe kisicho na mkono. Neno lake lilikuwa bado linanizunguka: hatasikia kitu. Nikafunga mlango, nikaacha kikombe pale kilipo na kilichomo ndani, nikapanda baiskeli. Mnyororo wangu unapiga kelele vibaya sana, kumbe. Siku zote sikujua.

Nyumbani nilifungua mlango.

"Nimerudi," nikasema.

Hakuna aliyejibu. Bomba la jikoni lilikuwa linadondoka, pengine kwa miaka. Nilisimama sebuleni na mkoba begani, nikasubiri. Bao la Mbelwa lilikuwa ukutani, na kile kigoda alichokuwa akinisukumia chini ya meza, mahali ambapo mguu wake ungekifikia.

Nikakivuta mwenyewe, nikakaa.